Bei ya Gari la Magurudumu Matatu

Nilipoanza ualimu Kasulu, katikati ya miaka ya sabini, nilipanga chumba kwa mzee mwenye duka la vitambaa. Alikuja kutoka pwani akiwa kijana, akaoa mwanamke wa Kiha, hakurudi tena. Uani kwake kulikuwa na gari dogo la magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, alilouziwa na daktari wa misheni aliyekuwa akirejea Ulaya.

Kwa barabara zetu gari lile lilikuwa mateso. Malori yalikuwa yamechimba njia mbili za matairi. Magurudumu ya mbele yalipita humo, la nyuma likadundadunda juu ya tuta la katikati, penye mawe na majani. Hata hivyo kila Idi mzee na mkewe walikwenda nalo Kibondo kumwona binti yao aliyeolewa huko. Injini ilipokufa, mzee alifunga ya pikipiki. Viti alivichonga seremala wa Muyama. Mlango mmoja ulikuwa bati la paa.

Siku moja akaja fundi kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa akimtafutia tajiri wake magari ya zamani. Alitueleza kwamba ya namna ile yalitengenezwa Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, petroli ilipokuwa adimu, kwa ajili ya watu wasiomudu gari kamili. Mengi yalitupwa. Sasa yamebaki machache na wenye fedha wanayagombania. Mama mwenye nyumba akasimamisha cherehani asikilize.

Fundi alilala chini, akachungulia kwa muda mrefu. Alipoinuka alikosa pa kutazama. Akasema taratibu kwamba bei kubwa ni ya gari ambalo halijaguswa. Kwa hili, tajiri wake angetoa bei ya mbuzi wawili tu.

Mkewe ndiye aliyejibu: "Lisingeguswa, mwanangu, binti yetu tungemwonaje?"

Fundi alisema hilo ni kweli. Walimkaribisha chakula, akala ugali na maharage, kisha akavua shati, akarudi chini ya gari na kukaza breki zilizokuwa zimelegea. Malipo aliyakataa.

Idi iliyofuata walinichukua. Nilikaa nyuma juu ya gunia la mchele, magoti kidevuni, kutwa nzima. Tulipofika Kibondo binti yao alitoka jikoni mbio, mikono ina unga, akamkumbatia mama yake kabla hajashuka.