Kamera Iliyofunikwa Kanga

Fundi aliponiuliza kama aifunge kamera sebuleni, nilisema ndiyo. Aliposema programu yake ya ndani ni ya zamani, aisasishe kwanza, nilimjibu, "Si inaonyesha? Iache." Laiti ningeikataa kamera yenyewe.

Wezi walikuwa wamebeba runinga ya jirani, nami hapa Temeke nikajiona mjanja. Nywila niliiweka mwenyewe, ndefu, hata mke wangu hakuijua.

Ilipofika wiki ya kumfunda binti yetu kabla ya ndoa, dada yangu mkubwa, ambaye ndiye kungwi wake, alisimama mlangoni akaitazama kamera.

"Wee bwana, lichomoe hilo jicho lako. Mambo ya mwali si ya wanaume."

"Anayeona ni mie tu, na simu naizima. Nakwenda zangu Kipawa."

"Ungekuwa mkweli hivyo, mkeo asingekupekua mifuko."

Kina mama wakacheka. Mke wangu akaitupia kamera kanga, yakaisha. Nikaenda Kipawa kwa rafiki yangu, na simu niliizima kweli.

Siku chache baadaye mke wangu alinishikisha simu yake, video inacheza. Picha ilikuwa giza tupu, lakini sauti zilisikika vizuri: dada yangu akifunda, kina mama wakiitikia, kisha binti yangu akiuliza, "Shangazi, na yule mama mkwe mwenye mdomo nitaishi naye vipi?" Halafu vicheko. Mtaa mzima ulikuwa umeshatumiana video hiyo. Simu niliizima. Nani basi alisikiliza?

Nilimwita fundi, akaikagua kamera kwa kompyuta yake.

"Mzee, nywila yako haijaguswa. Ile programu ya zamani ina tundu. Anayelijua anaingia kwa njia ya mtandao, haulizwi nywila, anachukua picha na sauti. Kiwanda kilishaliziba kwenye programu mpya."

"Ile niliyokukataza?"

"Ndiyo hiyo, mzee."

Nilimwangalia, kisha nikaiangalia kanga ya mke wangu, bado imening'inia pale. Aliyeingia hatujamjua mpaka leo.

Mama wa bwana harusi aliisikia sauti ile kabla yangu mie. Wazee wao walikuja mchana, wakanywa maji tu, wakavunja posa. Binti yangu hakuolewa na kijana aliyempenda. Amehamia Ukonga kwa mama yake mdogo, na simu zangu hapokei.