Gari la Opiyo Halizimwi Haraka

Perez Adongo alipotuambia amenunua gari, sisi wa vibanda vya jirani tulimpigia vigelegele, tukidhani ni pikapu ya kubebea vitambaa. Perez hushona sare za shule na viti vya magari hapa Nyalenda, Kisumu, na mimi nauza viazi ukuta kwa ukuta naye tangu wanangu wakiwa wadogo. Basi lori la kuvuta magari mabovu likaleta hicho kitu kutoka Awasi, likakishusha kando ya barabara, na vigelegele vikatukauka kooni. Lilikuwa gari la mbio la Kijapani, rangi ya buluu iliyopauka, lenye tundu pana juu ya boneti la kuvuta upepo. Nyuma lilikuwa na bawa refu ambalo kuku wangu angeweza kulalia. Ndani lilinuka mbuzi.

"Mama Mburu, usiniangalie hivyo," aliniambia. "Hii ni gari ya Opiyo."

Hapo nikaacha kumwangalia hivyo, na kuacha jambo si kazi yangu.

Opiyo ni pacha wake. Kwa Wajaluo, pacha anayetangulia kuzaliwa, akiwa mvulana, huitwa Opiyo, yule mwenye haraka. Anayefuata, akiwa msichana, huitwa Adongo, aliyebaki. Kuna majina ambayo watu hupewa tu, lakini haya mawili yaliwakaa wenyewe kama nguo iliyopimwa. Opiyo alitangulia kutembea, akatangulia kupata kazi, akatangulia kununua gari, na mwishowe akatangulia kwenda Uarabuni kuendesha malori. Perez alibaki. Alibaki na cherehani, na mama yao Dorca, na simu ya kupelekea salamu, kwa sababu mama na mwana hawakuwa wakizungumza.

Kisa chenyewe nilikijua, maana Perez alinisimulia mara nyingi. Nyumbani kwao ni mbele kidogo ya Kisian, unapoacha lami ukashuka kuelekea ziwani. Enzi zile Opiyo alikuwa akija kila Jumapili mchana na gari hilihili. Mama Dorca alikuwa akisikia mluzi wa injini yake tangu kule kwenye lami, anamimina nyuka, ule uji wao wa wimbi, katika agwata, kibuyu kilichokatwa nusu, na kusimama mlangoni. Gari linaingia uani, linasimama. Na Opiyo hashuki. Anakaa ndani, injini inanguruma polepole, amelaza kichwa kwenye kiti, mpaka uji unaota ngozi juu. Ndipo anatoka akicheka, anauliza chakula kiko wapi.

Ilikuwa hivyo kila wiki. Majirani wakaanza kusema mtoto wa Dorca siku hizi ni mkubwa, anangoja afunguliwe mlango wa gari. Dorca mwenyewe hakusema neno. Aliiangalia nyumba yake ya udongo, akaangalia lile gari linalong'aa, akaelewa alivyoelewa. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyoambiwa, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kukutana na Mama Dorca. Jumapili moja aliposikia mluzi alimwaga uji, akaingia ndani, akafunga komeo. Opiyo alibisha na kuita mpaka akachoka, akaweka sukari na mkate kizingitini, akaondoka bila kujua kosa lake. Muda si muda akaliuza gari na kupanda ndege.

Tangu hapo Perez akawa njia ya maneno yao. Opiyo akipiga simu anamwambia, "Mama akiniita nitakuja. Siwezi kubisha ule mlango mara ya pili." Perez anapeleka. Mama Dorca anajibu, "Aliyeshindwa kutoka kwenye gari aingie kwangu, atatokaje Uarabuni?" Perez anarudisha, ila hayo huyapunguza makali njiani. Na miaka inakwenda. Msimu wa mvua uliopita mama alivimba miguu akalazwa hospitali, na Perez alirudi kibandani akakaa mbele ya cherehani bila kukanyaga.

"Sitaki Opiyo arudi kumzika," alisema. "Nataka arudi akiwa anaweza kuulizwa amechelewa wapi."

Ndiyo maana aliposikia gari la pacha wake linauzwa Awasi, hakulala. Aliamini kwamba likiwa zima, Opiyo atatamani kurudi. Nilimwambia mtu hafuati gari, gari ndilo linalomfuata mtu. Akaniambia niuze viazi vyangu.

Ukweli ni kwamba alikuwa akimkumbuka kupita alivyoweza kusema. Opiyo ndiye aliyemfundisha kuendesha, katika gari hilo, barabara hiyo ya Kisian. Alikuwa akimwambia turbo haitaki pupa: unakanyaga, unangoja kidogo, halafu inakuja yote kwa pamoja. Wakirudi alimshusha kwanza, akaenda kuegesha na kuzima mwenyewe. Perez alikuwa akirudia maneno hayo huku akishona vitambaa vipya vya viti. Kiti cha dereva alikiacha mwisho, akakijaza sponji nene sehemu ya mgongo. Nilipomuuliza mbona hicho kimezidi vingine, alisema Opiyo ana mgongo mrefu. Nilitaka kumtania, nikashindwa.

Fundi alikuwa Wechuli, mtu wa Bungoma mwenye gereji kando ya Ring Road, ambaye hafungui boneti kabla ya chai. Aliwasha gari mara moja tu. Moshi wa buluu ukajaa mpaka mwenye kuuza dagaa wa omena ng'ambo ya barabara akatutukania wazazi. Wechuli alisema gari linakunywa oili kama mlevi wa mwisho wa mwezi, akalizima, akaanza kufungua.

Siku aliyoitoa turbo tulikuwapo wote wawili. Aliiweka juu ya gunia, kitu cha chuma kilichojiviringa kama konokono. Alitueleza kwamba ndani yake mna feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini, na yenyewe inaisukumia injini hewa, ndiyo gari linapata zile nguvu. Akaishika feni kwa vidole viwili na kuitikisa. Ilicheza kama jino la mtoto. Kisha akachomoa bomba jembamba la kupitishia oili, akaligonga kwenye jiwe, na ndani yake ukatoka ukoko mweusi, kama ule wa sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Huyu wa Awasi ndio ameua," Wechuli alisema. "Alikuwa akifika anazima tu. Turbo bado ni moto, oili inasimama hapo ndani, inaungua. Hii gari huzimi haraka, Mama. Ukitoka mbali, ukifika unaiacha ingurume mpaka ipoe, ndio unazima."

Perez alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikishusha polepole.

"Na wewe unakuwa wapi wakati inapoa?" akauliza.

"Si unakaa nayo ndani. Utaenda wapi na umeacha injini inawaka?"

 Perez aliinama juu ya jiwe, akaugusa ule ukoko kwa kidole, na machozi yakamtoka. Wechuli alidhani ni bei ya turbo inayomliza, akaanza kumtuliza kwamba kuna za mtumba kutoka Japani. Mimi nilijua si hilo, ila nami nilikuwa bado sijafika alikofika yeye.

"Mama Mburu," alisema, "Opiyo alikuwa anapoza gari."

 Watu wawili wazima wamenuniana miaka yote hiyo, bahari nzima katikati yao, kwa sababu ya chuma kinachohitaji kupoa. Nilimwambia apige simu papo hapo, kwa mama, kwa Opiyo, kwa yeyote. Alikataa. Alisema maneno ameshampelekea mama mengi mno, na mama ameshazoea kuyasikia kama matangazo ya redio. Opiyo naye akiambiwa tu atasema sawa, lakini bado anangoja kuitwa. Ilibidi mama aone kwa macho yake, na aguse.

Basi tukaanza kungoja turbo. Ya kwanza ilikuja na basi kutoka Nairobi ndani ya gunia, ikakataa kukaa mahali pake. Ikarudishwa. Wakati huo Mama Dorca alikuwa amepigwa na kikohozi, na Perez alikuwa akishtuka kila simu inapolia. Jioni alikuwa akipita gereji anakaa katika kile kiti cha mgongo mrefu, mikono kwenye usukani, gari likiwa juu ya mawe bila moyo wake. Wechuli alikuwa akimwacha. Siku moja aliniuliza kama huyu Opiyo ni mume wa Perez. Nilimwambia ni zaidi, ni mtu aliyekaa naye tumboni.

Turbo ya pili ilikaa. Wechuli alibadilisha bomba la oili, akasafisha injini, akatia oili mpya mara mbili, akawasha. Moshi ulitoka kidogo, ukafifia, ukaisha. Alipokanyaga, mluzi ulitoka, mwembamba, unaopanda. Perez aliziba mdomo kwa mikono miwili. Wechuli alirudia yale yale, usizime haraka, na Perez akamwambia hilo halitamtoka kichwani hata akizeeka.

Jumapili, baada ya kanisa, tulikwenda. Mimi nilikaa nyuma na kiroba cha viazi, maana huwezi kumtembelea mtu mikono mitupu. Perez aliendesha kwa adabu mpaka tukaupita mji. Tulipopita Kisian alikanyaga. Gari lilingoja kidogo, kama alivyosema Opiyo, kisha likaja lote kwa pamoja, mgongo wangu ukazama kitini na mluzi ukapaa. Nilisali Baba Yetu mpaka katikati. Yeye alikuwa akilia na kucheka.

Tulipoingia uani, Mama Dorca alikuwa amesimama mlangoni, ameshika agwata kwa mikono miwili. Sidhani alikuwa amefikiri. Mikono yake ilisikia mluzi, ikamimina. Alitazama kioo cha gari, akaona ni Perez, mabega yakamshuka.

Perez hakushuka. Injini ilinguruma polepole. Mama alingoja. Nikaona uso wake ukijifunga, nadhani kama ulivyokuwa ukijifunga Jumapili zile, na akageuka aingie ndani.

"Hata wewe, Adongo?" alisema. Kijaluo sikisemi vizuri, lakini nimekaa Kisumu vya kutosha kukisikia.

"Mama, njoo," Perez alimwita kupitia dirishani. "Njoo ushike hapa."

Alikuja kwa miguu yake mizito, ameshika uji. Perez alitoa mkono nje, akamwelekeza mama aweke kiganja juu ya boneti, karibu na lile tundu. Mama alishtuka kwa joto, lakini hakuutoa.

"Nikizima sasa, itaungua ndani," Perez alisema. "Lazima nikae nayo mpaka ipoe. Fundi ndio amenionyesha. Opiyo alikuwa anaipoza, Mama. Hakuwa anakataa kuingia kwako."

Mama Dorca alisimama pale, kiganja chake juu ya bati, mpaka nikahofia ataungua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nikiungojea huo mshindo. Lakini aliuliza kwa sauti ndogo tu.

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Mbona hakusema?"

"Alidhani unajua. Mbona hukuuliza?"

 Mama alizunguka gari, akafungua mlango wa upande wa pili, akaketi karibu na Perez, agwata mapajani. Kutoka mahali pale mlango wa nyumba yake unaonekana wote, kizingiti, komeo na kila kitu. Aliutazama kama mtu anayeoneshwa nyumba ya mtu mwingine. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta. Nami kule nyuma, na viazi vyangu, sikuwa na hali nzuri.

"Mpigie," alisema.

Perez alipiga. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Saa hizo huenda Opiyo alikuwa njiani na lori, kule jangwani. Perez akasema wanaweza kumtumia sauti ya mama, ataisikia akisimama. Akabonyeza, akamsogezea mama simu mdomoni. Mama Dorca hajazoea kuongea na kitu kisichojibu. Alisafisha koo mara mbili.

"Opiyo. Ni mamako," alisema. "Sikujua ni gari."

Akautazama tena ule mlango. Kidole cha Perez kilikuwa bado kimebonyeza.

"Mlango sijafunga. Njoo unywe nyuka."

Kufikia hapo gari lilikuwa limepoa. Perez alinyoosha mkono wa pili kwenye ufunguo, lakini mama alimshika kiwiko.

"Usizime," alisema. "Acha asikie."

Perez akauacha ufunguo. Tulikaa humo ndani wote watatu, uji ukiota ngozi mapajani mwa Mama Dorca, na ujumbe ukaendelea kujaa sauti ya injini.