Picha ya Pili ya Ziwa la Kambove

Nilirudi Kambove kwa sababu baba yangu alizikataa picha zangu za kwanza. Mambo yalianza hivi. Baba alikuwa fundi wa pampu katika mgodi wa shaba wa huko, na kazi yake ilikuwa kuzuia maji yasijae shimoni. Mitambo ikazimwa, maji yakapanda, na leo shimo lote ni ziwa. Yeye hajaliona. Tangu mama afariki anakaa peke yake Panda, katika kambi ya wafanyakazi mjini Likasi, na kifua kinamsumbua. Mimi nina chumba tayari kwa ajili yake kwangu Lubumbashi. Kila nikimwambia twende, jibu ni moja: siku pampu zitakapowashwa, wataita watu wanaozijua, na yeye hataki wamkose.

Nikaona nimpelekee picha, ajionee kwamba mgodi umekwisha. Mimi kazi yangu ni kupiga picha za harusi, kwa hiyo lile ziwa nililipamba kama bibi harusi. Nilingoja mwanga laini wa asubuhi, nikatafuta pembe ambapo maji ni kijani kibichi na kuta zinashuka ngazi kwa ngazi, nyekundu na kijivu. Chuma chochote kilichojitokeza nilikiacha nje ya picha. Watu wa Lubumbashi walizisifu mno. Baba alizitazama akanirudishia.

“Hii haiko mungodi yetu, mama. Ulikwenda kupiga mayi ya bantu bengine.”

Ananiita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. Eti nimepiga maji ya watu wengine! Maneno yale yaliniuma, siwezi kusema uongo. Kiangazi kilipokolea nikafunga kamera yangu, nikaondoka tena.

Barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi mnaijua. Malori ya shaba yanakwenda kwa msururu, na vumbi lake linaingia hata ukifunga dirisha. Pembeni kuna magunia ya makaa na mafungu ya viazi vitamu. Nililala Panda. Baba alinipikia bukari, ugali wetu, na samaki wadogo kwenye mbabula, jiko lake la makaa, akanisimulia habari za majirani wote, lakini hakuniuliza nakwenda wapi. Alijua vizuri sana.

Asubuhi nilichukua pikipiki hadi Kambove. Ukizipita nyumba za mwisho majani yanaisha, halafu vichaka navyo vinaisha. Inabaki ardhi tupu, kavu, iliyochimbwa na kupasuliwa na mvua za miaka mingi mpaka imekuwa makorongo. Mengine ni membamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na ndani yake kuna mishipa ya kijani kwenye mawe. Mwisho wa makorongo hayo ndipo lilipo ziwa. Hakuna ndege wala mti. Safari ya kwanza nilipigia juu ukingoni. Safari hii nilitaka kushuka hadi majini, kwenye vyuma.

Wachimbaji waliokuwa njiani walinisimamisha. Aliyesema kwa niaba yao, akiniita yaya, yaani dada, alikuwa mwanamume mwembamba aitwaye Kalenga.

“Yaya, banamuke habashukake huku. Madini itakimbia.”

Eti mwanamke akishuka, madini yanakimbia! Niliwaambia shaba haina miguu. Walicheka kwa adabu na hawakusogea. Niliwaeleza habari za baba, wakasikitika kweli, na bado hawakusogea. Mmoja alinitandikia gunia nikae. Hasira zilinipanda, nikakaa hivyo hivyo. Kalenga mwenyewe alisema kanisani kwao wanahubiriwa kwamba mambo hayo ni ya shetani, ila yeye hataki kuwa wa kwanza kuyajaribu. Halafu akajitolea ashuke na kamera.

Kamera yangu! Ndiyo inayonilisha. Lakini sikuwa na njia nyingine. Niliiweka tayari, nikamvika mkanda shingoni, nikamwonyesha pa kubonyeza. Akauliza napenda nini. Nikamwambia vyuma, kutu, saruji, mabomba, yaani kila kibaya atakachokiona.

Nilikaa juani mpaka nikachoka kukasirika. Aliporudi nilizipitia picha: hii imelala upande, hii imejaa kidole chake, hii ni rafiki zake wanaoosha mawe kwenye mabeseni na kuonyesha meno. Nilikaribia kukata tamaa. Halafu nikaiona moja. Ngazi za saruji zinaingia majini, kando yake bomba nene lililokatika, na wachimbaji watatu wameketi kwenye ngazi, miguu ndani ya maji.

Nikarudi Likasi, nikaichapisha kubwa mjini kwa ajili ya macho ya baba, nikaenda Panda. Baba aliipeleka dirishani.

“Haba beko fasi gani?” aliuliza.

Nikamjibu mahali hapo ni Kambove. Alilifuata lile bomba kwa ukucha kutoka juu hadi linapozama.

“Minye nilikatazaka hii mayi,” alisema. “Kila siku. Sasa pompi yangu iko chini ya miguu yabo.”

Akalia bila kujificha, nami nikalia. Nilikuwa nimetaka aamini, na alipoamini nilitamani kumnyang'anya ile picha. Alipomaliza kujifuta aliniomba nimpeleke.

Kesho yake tulichukua pikipiki mbili. Yeye hakuzuiwa. Kalenga alimshika kiwiko wakashuka pamoja korongoni, mimi nikaachwa juu na gunia langu. Nilimfuata kwa lenzi. Alifika kwenye ngazi ya mwisho, akainama, akachota maji akanawa uso, kisha akasimama tu.

Hapo nilielewa kosa la safari ya kwanza. Nilikuwa nimemletea uzuri wa mahali, nikaondoa kazi yake yote, halafu nikashangaa kwamba hajioni humo. Tangu siku hiyo, kwenye picha za harusi, siwaondoi tena wapishi nyuma ya masufuria.

Alipanda taratibu, akikohoa, kola imelowa. Nilingoja aanze habari za pampu. Alisimama kwanza apate pumzi, akakung'uta vumbi kwenye suruali.

“Ile chumba yako ya Lubumbashi,” alisema, “kitanda yangu itaingia?”