Kanga Niliyoichora kwa Mashine ya Mchezo

Mashine ile nilipewa na mama mmoja jirani yetu, mjane, aliyekuwa akitunza nyumba ya Waitaliano upande wa ufukweni hapo Malindi. Wenye nyumba wa kwanza walipouza na kurudi kwao, walimwachia masufuria, mapazia, na mashine ya michezo ya watoto wao. Alikuja nayo amejitwika kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ulisomea taipu. Hii ina herufi kama taipu. Chukua."

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa nakaa kwa dada yangu mkubwa. Nilikuwa nimemaliza masomo ya taipu Mombasa, nangojea kazi, na kungojea kulikuwa kumenichosha. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na televisheni na deki ya kuonyeshea filamu za Kihindi, na alikuwa akivifunika kwa kitambaa cha kufuma. Akiwa dukani kwake, nikaiunganisha mashine kwenye televisheni. Mchezo ulikuwa mmoja tu, wa kidude kinachoruka mashimo, nikauchoka upesi. Lakini kulikuwa na kijisanduku kingine cha kuchomeka juu ya mashine, na hicho ukikichomeka, mchezo hauji. Kinakuja kioo cha buluu na alama ndogo inayowaka na kuzima, kana kwamba inakungoja useme neno.

Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kitaliano. Mimi sikukijua, ila niliweza kukisoma kwa sauti. Mama jirani hakujua kusoma, lakini Kitaliano alikisema vizuri, amekipatia jikoni mwa watu. Basi alasiri nilimsomea huku yeye akichambua mchele.

"Rudia hapo," ananiambia. "Ati ukitaka afanye tena na tena, umpe namba ya mstari wa kurudi."

"Afanye nani?"

"Hiyo mashine yako! Kwani nani mwengine?"

Siku ya kwanza iliponitii, niliifanya iandike SHIKAMOO kutoka juu ya kioo hadi chini. Dada alitoka jikoni, akasimama, akasema, "Marahaba." Tukacheka hadi machozi yakatutoka. Lakini mimi nilikuwa nimeshikwa na kitu kingine. Kitu kilichotengenezwa ng'ambo kiwachezeshe watoto wa matajiri kilikuwa kimesema neno letu, kwa amri yangu.

Nikaamua kuchora kanga. Mashine ilijua kuchora miraba midogo ya rangi tu, lakini kanga nayo ni mambo ya kurudiarudia: pindo likizunguka pande zote, mji katikati, na jina chini. Korosho za pembeni zilinishinda. Kila nikizichora zilitoka kama viatu. Dada alikuwa akipita na sufuria, anasema, "Hicho kiatu cha mguu gani?" Nafuta, naanza tena.

Ubaya wa mashine ile ni kwamba ukiizima, yote uliyoiandikia yanapotea. Kwa hiyo sikuizima. Shemeji akitaka filamu zake, nilichomoa waya wa televisheni tu na kuiacha mashine ikiwaka chini ya meza. Jioni moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta imezimwa ukutani.

"Itatuchomea nyumba," akasema shemeji.

"Ungenambia niizime mwenyewe."

"Kwangu hapa niombe ruhusa ya kuzima swichi? Huo ni mchezo wa watoto. Mwanamke mzima umeukalia kutwa!"

Asubuhi alipoondoka nikaketi nikaandika upya mistari yote kutoka kichwani. Akazima tena. Nikaandika tena, na safari hii ikawa fupi na safi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ya hasira. Chini, mahali pa jina la kanga, nikaandika: MIMI SIZIMI NG'O.

Dada alilisoma jina hilo. Kisha akaingia chumbani akatoka na redio kaseti yake pamoja na kanda ya taarabu ya harusi yake.

"Mama jirani kanambia kitabu chasema maandishi yaweza kuwekwa kwenye kanda. Weka."

"Dada, hii ni ya harusi yako."

"Nyimbo zote nazijua. Futa."

Nikafuta nyimbo, nikaweka mistari yangu. Ukiicheza kanda ile baadaye, ilikuwa ikitoa sauti kali kama msumeno kwenye bati. Shemeji aliposikia mlio huo ndani ya kanda ya harusi yake, alinyanyuka. Aliibeba televisheni akaifungia chumbani, ufunguo akautia mfukoni.

Nilikaa na mashine isiyo na kioo. Nikaiwasha hivyo hivyo, nikaandika upya mistari ya korosho bila kuona kitu, herufi moja moja, nikizitamka kwa sauti ili nisipotee, kisha nikaziweka kwenye kanda. Shemeji alipita, akatazama vidole vyangu vikienda mbele ya ukuta mtupu.

"Umerogwa," akasema.

"Sijarogwa. Nafanya kazi."

Mvua za masika zilipoanza, Waitaliano walioinunua ile nyumba walikwenda kwao na nyumba ikabaki mikononi mwa mama jirani. Walikuwa wamemruhusu kutazama televisheni yao akimaliza kufagia. "Basi hatutatazama?" akaniuliza. Tukaenda, yeye, dada na mimi, mashine na redio kaseti zimefungwa kwenye leso zisilowe.

Kanda ililia, kisha kioo kikanijibu kwa kosa. Nilikuwa nimeruka alama moja nilipokuwa nikiandika bila kuona. Nikaitafuta, nikaipata, nikaitia. Pindo likaanza kujichora, jekundu, likazunguka pembe zote nne, likafunga. Mji ukajaa. Korosho zikakaa, korosho khasa. Mama jirani akapiga kigelegele katika sebule ile ya watu.

Hapo ndipo shemeji alipobisha hodi, mwavuli mkononi, amekuja kumfuata mkewe. Akasimama mlangoni akisoma maneno ya chini ya kanga.

"Nani kachora?"

"Mimi."

"Kwa huo mchezo?"

"Kwa huo huo."

Dada akamwambia, "Keti utazame, au urudi nyumbani. Chakula kipo."

Aliketi. Siku ya pili alinambia angeitoa televisheni, mradi niitumie kwa saa atakazonipangia yeye. Nilimshukuru nikakataa. Sikutaka cha kupangiwa. Nilikwenda nyumba ile ya ufukweni mvua zote zile, na nikarudi nimelowa kila siku.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya taipu katika afisi moja Mombasa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, bwana mkubwa alitukusanya, akasema wapiga taipu wasiiguse, atakuja mtu kutoka Nairobi. Wenzangu wakarudi mezani kwao. Mimi niliitazama ile alama ndogo ikiwaka na kuzima.

"Wewe, umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia, bwana," nikamjibu, nikavuta kiti, nikakaa.