Fuwele Iliyopigwa Kabla

Pale kituo cha utafiti walimwita Mama Fuwele, na mtoto hana hata mmoja. Watoto wake ni fuwele za protini, anazozikuza ndani ya vitone vya maji, na nyingi humfia mikononi. Safari hii alikuwa akiitafuta sura ya protini ya kimelea kinachopofusha watu, ili ijulikane dawa ishike wapi, na baada ya miaka ya kuhangaika ikatoka fuwele moja safi. Moja tu! Picha ikipatikana, mradi unaendelea. Isipopatikana, mradi unafungwa na yeye anarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwendesha mashine ya eksirei alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake. Kazi ile Mama Fuwele ndiye aliyemtafutia, akamfundisha mpaka akaiva, wakawa chanda na pete. Kwa hiyo alipomkabidhi fuwele ndani ya chombo cha baridi kali, alimuusia kama anayeacha mtoto mchanga.

"Wifi, nakuomba. Eksirei inayotupa picha ndiyo hiyo hiyo inayoiunguza. Tutapandisha nishati ili mionzi ipenye bila kuiunguza sana, tuipige kidogo kidogo, na mimi niwepo."

"Sasa mimi nitaigusaje bila wewe? Nina wazimu?"

Siku ilipofika wakaipiga pamoja. Wifi akashangilia, akamkumbatia, hata machozi yakamlengalenga. Mwigizaji huyo!

Mama Fuwele alipoijenga sura ya protini kwenye kompyuta, moyo ulimlipuka. Ndani ya protini ile mna vifungo vya salfa, na mionzi ikizidi, hivyo ndivyo hukatika kwanza. Vyote vilikuwa vimekatika, tena pale pale ambapo dawa ingeshika. Kwa kipimo kile kidogo walichotumia, haiwezekani. Fuwele ilikuwa imeshapigwa kwa nguvu zote kabla yeye hajaitwa, na mwenye ufunguo wa chumba cha mashine ni mmoja.

Akamfuata huko huko mashineni.

"Nani aliipiga, wifi?"

Wifi akajitia kufuta meza iliyokwisha kung'aa. "Profesa wa ghorofa ya juu. Naye anaitafuta protini hiyo hiyo. Picha nzima ameshaipata. Ameniahidi ajira ya kudumu."

"Na siku ile ulikuwa unashangilia nini?"

"Nilikuonea huruma."

Huruma! Mama Fuwele alitamani kumzaba kibao.

"Usinitazame hivyo," wifi akasema. "Si mimi peke yangu. Nilimuuliza kaka yako kwanza. Alisema wewe huna kinyongo, utalia kidogo, utasahau."

Hasira zote Mama Fuwele alizokuja nazo zilikuwa za wifi. Za kaka hakuwa amejiandaa nazo. Wazazi walishatangulia, na ndugu aliyebaki naye duniani ni huyo mmoja. Akaketi kwenye kiti cha mashine, akalia, na wifi akaenda kufunga mlango watu wasisikie.