Povu la Assia

Kwa Buyenzi hakuna gari linalokufa. Hata likiletwa limebebwa kama maiti, mafundi wa pale wataliamusha, na likikataa watalitukana mpaka lione haya. Mu mutaa kama ule, ukisema unasoma chimie, ile kemia ya juu, kwa université, watu wanakuuliza kama iyo chimie inaweza kutengeneza boîte ya gia ya gari.

Assia aliulizwa ivyo kila siku. Binti ya muuza spea, miaka makumi mbili na mbili, mudomo wake unakimbia kuliko miguu. Mwaka ule alichagua masomo ya kuchunguza jinai: damu, sumu, alama za vidole kwenye gilasi. Ilias, fundi wa kuchomelea, akamubatiza Daktari wa Maiti.

"Daktari, leo umefufua wangapi?"

"Nangojea ufe we kwanza, kaka Ilias. Nitapasua kichwa, nione kama mulikuwaka kitu ndani."

Ijumaa moja, watu waliporudi toka musikitini, walimukuta Shakuru, mwenye garaji, amelala kando ya gari ya Probox. Kichwa kimepasuka, sikio limejaa damu, anapumua lakini hasemi. Wakamupakia mu taxi kwenda hospitali. Taxi haijafika kona, tayari walikuwa wanamutafuta muuaji.

Nani alibaki garaji saa ya sala? Birindwa, Mukongomani wa Uvira, mukristo, mupishi wa mafundi. Kuku yake walikuwa wameila mbele ya kwenda kusali, wakalamba na vidole. Sasa walimushika kola, wakaona mukono wa shati yake una madoa mekundu.

"Iyi ni nini?" Ilias aliuliza.

"Rangi. Rangi ya gari."

Alisema haraka, macho chini. Kofi likamufikia mbele hajamaliza kumeza mate. La pili lilikuwa ngumi.

Assia alitokea na mukoba wake wa masomo. Aliona watu makumi tatu wamemuzunguka mutu moja, na kifua chake kikajaa. Miaka yote wanamucheka. Leo chimie itaokoa mutu mbele yao.

"Mungojee," akasema, akitoa kichupa. "Iyi ni eau oxygénée, dawa ya kuosha vidonda. Kama ni rangi, itanyamaza. Kama ni damu, itatoa povu. Mutaona na macho yenu."

Birindwa alimushika mukono. "Mademoiselle, wacha. Nakuomba."

"Usiogope, haiunguzi."

Akamwaga. Shati ikachemka povu jeupe kama maziwa juu ya moto.

Hakuna aliyengoja maelezo. Clé ya magurudumu, ile spana ya chuma, ilimupiga Birindwa kwenye kiwiko, mufupa ukalia kama kuni kavu. Akaanguka. Buti ikamuvunja meno mawili, ingine ikamuingia mu mbavu. Mutu akaja anaburuta tairi la zamani, mwengine anauliza petroli iko wapi, na sauti ya mutu anayeuliza chumvi.

"Povu haisemi ni damu ya nani!" Assia alipiga kelele. "Ata ya munyama inatoa povu!"

Nani anasikia? Akajitupa juu ya Birindwa. Teke moja lilimupata mu mugongo, pumzi ikakata. Chini yake alisikia Birindwa anasema na mudomo uliojaa damu: "Ya kuku. Ni ya kuku."

"Kuku gani?"

"Ile mulikula. Muchinjaji wenu alichelewa... nilichinja mwenyewe."

Ndiyo maana alidanganya. Kila siku alipeleka kuku kwa mwislamu achinje kwa jina la Mungu. Siku moja tu akafupisha njia, akaona heri aitwe mupaka rangi kuliko waliokula wajue.

"Anadanganya," Ilias alisema, akainua ngumi tena.

Assia aliidaka ile ngumi na mikono miwili, akaimwagia dawa yote iliyobaki. Vidole vya Ilias, vilivyolowa damu ya Birindwa, vikajaa povu, mpaka kwenye kucha.

"Basi na we ndiye ulimupasua Shakuru," Assia alisema. "Chimie inasema ivyo. Leteni tairi lake."

Watu walitazama ule mukono, kiisha kila mutu akatazama wa kwake. Aliyekuwa na clé aliiweka chini polepole, kama mutoto aliyemulalia usingizi. Ilias alisimama anatoneza povu, na pale ndipo ile kuku ilimufikia mu akili. Akajikunja, akatapika mbele ya viatu vyake, na wengine wanne wakamufuata.

Ni Ilias mwenyewe aliyewasha gari ya muteja moja. Assia alikaa nyuma, kichwa cha Birindwa mu mapaja, akizuia damu ya mudomo wake na khanga. Kila shimo la barabara lilimutoa mulio.

"Dada Assia," Ilias alisema bila kugeuka, "kwa nini hukusema mapema kama ata kuku inatoa povu?"

"Nilitaka munione kwanza."

Kwa hospitali walimukuta Shakuru ameamka, amefungwa kichwa, anatukana cric, ile jeki ya kuinulia gari, iliyoteleza na kumurushia chuma. Hakuna mutu alimupiga. Akauliza yule mutu wamebeba ni nani, uso umevimba asimujue.

Ilias alificha mikono mu mifuko. Assia ndiye alijibu.

"Ni mupishi wetu, baba Shakuru. Mi ndiye nilimuhukumu."