Kitanda kimoja, bamama wawili: siku ordinateurs zetu zilipoandika pamoja Bukavu

Wakuu, salamu toka Bukavu. Siongezi chumvi hapa, niliona na macho yangu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaïre. Nilikuwa naandikisha wagonjwa kwenye maternité, hospitali ya uzazi, moja mjini. Tulikuwa na ordinateurs, yaani kompyuta, mbili zilizounganishwa kwa waya: yangu mlango wa juu, ya mwenzangu Furaha mlango wa chini.

Mchana huo mvua ilinyesha polepole, ziwa likapotea ndani ya ukungu. Mji mzima kama unasinzia.

Akaingia Maman Nsimire wa Kalehe, uchungu umemshika. Nikauliza mashine: kitanda gani kiko libre, hakina mtu? Kimoja tu, cha dirishani. Nikamwandika.

Kumbe wakati uleule Furaha naye ameuliza, amejibiwa vilevile, amemwandika Maman Wabiwa wa Mwenga.

Watu wa database mmeshaelewa. Kila transaction, ombi langu na la Furaha, ilisoma "libre" kabla nyingine haijaandika.

Infirmière, muuguzi wa zamu, akaja mbio: "Papa, munanitumia bamama wawili! Kitanda iko moja!"

Nikakimbia. Maman Wabiwa ameegemea ukuta, macho amefumba. Niliogopa ataanguka.

Maman Nsimire, ameshalala kitandani na uchungu wake vilevile, akasogea pembeni kumpa nafasi. "Dada, kuya. Tutaenea."

Wakalala mgongo kwa mgongo, vidole vimeshikana. Ukungu ukaingia dirishani taratibu. Hata leo sijui nilisimama pale muda gani.

Wakazaa wote kabla mvua haijakatika. Wasichana, wazima kabisa.

Kesho yake Furaha alitaka tuwe tunaangalia mara mbili kabla ya kuandika. Nikamwambia, "Hata tukiangalia mara kumi, tunaweza kuangalia pamoja."

Tukaamua kuweka unique index, kizuizi cha kukataa namba ileile mara mbili, kwenye namba ya kitanda, katika jedwali la vitanda vyenye watu. Anayechelewa kuandika anakataliwa palepale, mgonjwa wake anatafutiwa nafasi kwingine mapema.

Index ikagoma. Ndani bado kulikuwa na duplicate: kitanda kimoja, majina mawili!

Kitanda kingine kilikuwa kimepatikana, nikamwomba Maman Wabiwa ahamie. Akanitazama kama namfukuza nyumbani.

"Papa, niko muzuri hapa. Ambia mashine ingojee."

Ikangoja. Walipoondoka, watoto migongoni, majina yao yakatoka kwenye jedwali, tukaiweka index. Ikakubali mara moja.

Nilichojifunza: kuangalia kwanza si ulinzi, acha database yenyewe ikatae. Na kabla ya kufuta duplicate, uliza kwanza ni akina nani wamelala pale.

Kwenu, watu wawili wakiandika kwa pamoja mnafanyaje? Leteni visa vyenu, nasoma.